Tindo, tindikali na milima ya Alps: nani hasa alitengeneza chapa za Bruegel?

Fungua tovuti ya jumba lolote kubwa la makumbusho, liwe la New York, London au Amsterdam, utafute mandhari ya Pieter Bruegel Mzee, mchoraji wa Antwerp wa karne ya 16. Utakuta picha za wino mweusi zenye milima, mito na mabonde, na chini ya kila moja maelezo ya mistari miwili mitatu: jina la Bruegel, mwaka wa 1555 au 1556 hivi, kisha njia iliyotumika, yaani mchoro wa tindikali pamoja na mchongo wa tindo. Hakuna uongo hapo, lakini msomaji mgeni huondoka na picha isiyo sawa kichwani. Bruegel hakuyagusa mabamba ya shaba ambayo picha hizo zilichapwa kutoka kwayo. Na njia hizo mbili zilizotajwa kwa mkupuo mmoja zilikuwa, kwa mafundi wa karne ya 16, kazi mbili zenye zana tofauti, mafunzo tofauti na hata heshima tofauti. Haikuwa jambo la kawaida kuzikuta zikifanya kazi bega kwa bega kwenye bamba moja la shaba.

Tuchukue chapa moja, yaani picha iliyochapwa kwenye karatasi kutoka kwenye bamba, ili tusizungumze hewani. Inaitwa Solicitudo Rustica, jina la Kilatini lililochongwa kwenye ukingo wa chini, na maana yake ni mahangaiko ya watu wa shamba. Mbele wapo wakulima wawili, mmoja akilishughulikia fyekeo lake. Nyuma yao ardhi inaporomoka ghafla, na jicho linaangukia bonde pana lenye mto unaojipinda, vijiji, miti, kisha milima, kisha milima mingine nyuma ya hiyo, hadi mahali ambapo huwezi tena kusema kama unaona mwamba au wingu. Yote hayo yamo kwenye karatasi ya takriban sentimita 32 kwa 43. Mchoro wa kalamu ambao Bruegel aliuandaa kwa ajili yake ungalipo, umehifadhiwa British Museum.

Chapa hiyo ni moja kati ya 12 ambazo wataalamu wamezoea kuziita Mandhari Kubwa, pamoja na nyingine moja yenye bamba kubwa zaidi inayoonyesha milima ya Alps. Katika nyingine utamwona Mtakatifu Jerome nyikani, wasafiri wa Emau, familia takatifu ikikimbilia Misri, mkokoteni wa Kibelgiji, askari waliopumzika, mtega ndege mwenye hila. Lakini usidanganywe na majina. Mtakatifu ni mdogo kama kidole gumba, mlima ndio picha.

Njia mbili za kulitia bamba jeraha

Bamba ni la shaba nyekundu, limesuguliwa hadi likang'aa kama kioo. Lengo la njia zote mbili ni moja: kutia mifereji kwenye shaba hiyo ili wino upate mahali pa kukaa. Tofauti ni nani anayechimba mfereji.

Kwenye kuchonga, anayechimba ni mtu. Fundi anashika tindo nyembamba ya chuma cha pua, ncha yake imenolewa mshazari, mpini wake umekaa kwenye kiganja. Haivuti kama kalamu, anaisukuma mbele, na uzi wa shaba unajikunja mbele ya ncha. Bamba limelazwa juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga. Akitaka mstari upinde, analizungusha bamba kwa mkono wa pili huku mkono wenye tindo ukibaki karibu pale pale. Akikandamiza zaidi, mfereji unazama na kupanuka. Akilegeza, unakonda mpaka unaishia kwenye ncha kali kama ya mwiba. Ukiukata mfereji huo kwa ubavu, utakuta umbo la V. Ustadi huu ulitoka kwa masonara, na kijana aliuandama kwa miaka kabla ya kuaminiwa na uso wa mtu au mkono wa malaika.

Kwenye tindikali, anayechimba ni kemikali. Bamba linapakwa tabaka jembamba la nta, lami na utomvu, kisha linafukizwa moshi ili liwe jeusi na mikwaruzo ionekane vizuri. Fundi anachora kwa sindano, akiondoa tabaka tu bila kujisumbua kuchimba shaba. Bamba likiingia kwenye tindikali, shaba iliyoachwa wazi inaliwa, iliyofunikwa inasalimika. Aliyewahi kutengeneza batiki anaielewa kanuni hii bila kuelezwa mara mbili: nta inalinda, pasipo na nta panaingiliwa. Sindano huteleza juu ya nta karibu bila upinzani, kwa hiyo mtu anayejua kuchora kwa kalamu anaweza kuchora kwenye bamba siku ile ile. Ila mstari wake hauna mnenepo wala mkondo wa mchongo. Una upana ule ule mwanzo hadi mwisho, kingo zake zimeparuzika kidogo, na unakatika butu. Tindikali haijui kukandamiza wala kulegeza; inajua muda tu.

Baada ya hapo njia zote mbili zinaingia mlango mmoja. Bamba linapakwa wino mzito, linafutwa kwa kitambaa na kiganja mpaka uso ubaki safi na wino ubaki mifereji tu, linafunikwa kwa karatasi iliyotengenezwa kwa matambara na kuloweshwa, kisha vyote vinapitishwa katikati ya rola mbili nzito. Karatasi laini inasukumwa ndani ya mifereji na kuufuata wino huko huko. Ndiyo maana kwenye chapa halisi ukingo wa bamba huacha alama ya mbonyeo kuizunguka picha.

Hapa ndipo penye fundo la jambo lote, na watu wengi hulipita haraka. Kwa kuwa mifereji ya tindo na ya tindikali yote ni mashimo chini ya uso wa shaba, inaweza kukaa kwenye bamba moja, kupakwa wino mara moja na kuchapwa kwa mpigo mmoja. Rola haijui nani alichimba nini. Chapa ya mbao haikubali ndoa hiyo, kwa sababu kwenye mbao wino hukaa juu ya sehemu zilizobakizwa, na mashimo ndiyo yanayobaki meupe.

Kutoka kwenye deraya

Tindikali ilifika kwenye sanaa kwa mlango wa nyuma. Wahunzi wa deraya wa Ujerumani ya kusini walikuwa wakiitumia kupamba mavazi ya chuma ya mashujaa wao zamani kabla ya mtu kufikiria kuyapaka wino na kuyakandamizia karatasi. Anayetajwa kuwa wa kwanza kufanya hivyo kwa mabamba ya picha ni Daniel Hopfer wa Augsburg, mpambaji wa deraya, karibu na mwaka 1500. Mabamba yake yalikuwa ya chuma, na chuma kina ubishi wake: kinashika kutu, na kinatoa mstari mzito usio na unyenyekevu. Albrecht Dürer, ambaye kwa tindo hakuwa na mpinzani Ulaya nzima, aliijaribu tindikali kwenye chuma mara 6 tu kati ya 1515 na 1518. Ya mwisho, yenye mzinga mkubwa mbele ya mandhari mapana ya kijiji, ni nzuri sana, lakini kila mstari una uzito ule ule, mlima wa mbali na gurudumu la mzinga vimeandikwa kwa kalamu moja. Baada ya hapo akaiacha.

Huko Regensburg, karibu na 1520, Albrecht Altdorfer alichora kwa tindikali mandhari 9 ndogo zisizo na mtakatifu wala hadithi yoyote: misonobari, mawe, nyumba, anga. Ni miongoni mwa chapa za kwanza kabisa za Ulaya ambazo mandhari yenyewe ndiyo habari. Na si ajabu kwamba tindikali ndiyo iliyofungua mlango huo. Majani na nyasi vinataka mkono unaokimbia, na tindo haikimbii.

Mwaka huo huo wa 1520, Lucas van Leyden huko Uholanzi alifanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, alihamisha tindikali kutoka chuma kwenda shaba, ambayo ni laini na inaliwa taratibu zaidi. Pili, katika picha ya Mfalme Mkuu Maximilian wa Kwanza, aliuchonga uso kwa tindo na sehemu kubwa ya mavazi na mandhari ya nyuma akaiachia tindikali. Sababu inaonekana wazi ukiitazama: ngozi ya uso inataka vivuli vya taratibu, na vitambaa vinaweza kuvumilia ukali. Chuma kisingeiruhusu kazi hiyo, kwani kwa tindo ni kigumu mno. Bila shaba, hizi njia mbili zisingeoana.

Antwerp, mji wa pesa

Sasa twende Antwerp, katika Ubelgiji ya leo. Katikati ya karne ya 16 mji huu wa mto Schelde ulikuwa na karibu watu 100,000 na soko la fedha lililojengwa mwaka 1531 ambalo wafanyabiashara wa kila taifa walikutana. Mwaka 1548 hivi Hieronymus Cock, mchoraji aliyekuwa ametoka Roma, alifungua humo pamoja na mkewe Volcxken Diericx duka na kiwanda cha chapa kilichoitwa Pepo Nne. Cock hakuwa msanii mkubwa sana. Alikuwa kitu adimu zaidi: mtu mwenye jicho na hesabu. Alinunua michoro kwa wachoraji, akawapa wachongaji, akagharimia shaba na karatasi, akachapisha, akauza. Mabamba yalikuwa mali yake. Chapa zake zilisafiri mbali. Mchapishaji mkubwa wa vitabu wa mji huo, Christoffel Plantin, alizipeleka mpaka Paris.

Mwaka 1550 Cock alimtumia Giorgio Ghisi, mchongaji kutoka Mantua huko Italia, kuchonga picha ya mchoraji Mwitalia Raphael ya wanafalsafa wa Athens kwenye mabamba mawili makubwa. Kazi yote ni ya tindo, mstari kwa mstari, na inapendeza kama hariri. Lakini fikiria hesabu. Kila kivuli ni mamia ya misukumo ya mkono wa fundi ghali, na bamba haliingizi hata senti mpaka limalizike. Upande wa pili wa mizani ni tindikali: nafuu, ya haraka, lakini mnunuzi wa mwaka 1550 aliyezoea kazi ya tindo aliuona mstari wake kama rasimu.

Wanaoingia hapo ni ndugu wawili wa Deventer huko Uholanzi, Joannes na Lucas van Doetecum. Walichofanya ni kuifundisha tindikali tabia za tindo. Badala ya kuiacha sindano izurure kama kalamu, waliipangia mistari yenye nidhamu ya mchongaji: sambamba, iliyopinda kufuata umbo la mlima, iliyokatizana pale penye kivuli. Sehemu kubwa ya bamba ililiwa na tindikali. Kisha tindo ikaja kumalizia, ikizamisha vivuli vya mbele, ikichongoa ncha za mistari, ikiongeza weusi pale ambapo macho yatatua kwanza. Kazi ya muda mrefu ikafupishwa, na mnunuzi akapata kitu kilichoonekana kama mchongo mtupu. Mwandishi Mjerumani Matthias Quad alipoandika juu ya Joannes mwaka 1609, aliusifu kama ufundi mpya wa tindikali uliowafanya hata wasanii wazoefu waamini kwamba wanatazama kazi ya tindo.

Huo ulikuwa udanganyifu? Mimi nausoma kama jibu la kibiashara lililozaa, bila kukusudia labda, jibu la kisanaa. Na hilo la pili ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Umbali bila bluu

Wachoraji wa Antwerp kabla ya Bruegel, Joachim Patinir akiwa kinara wao, walikuwa na kanuni ya kuonyesha umbali katika picha za rangi: kahawia mbele, kijani katikati, bluu mbali. Mtazamaji anawekwa juu, kama aliyesimama kwenye kilele, na upeo wa macho unapandishwa karibu na ukingo wa juu ili dunia nyingi iingie. Kanuni hiyo inafanya kazi vizuri mno. Tatizo ni kwamba chapa haina bluu. Haina kahawia. Ina wino mweusi na karatasi nyeupe, basi.

Utaonyeshaje kilomita 20 za hewa kwa weusi mtupu? Una vitu viwili tu vya kuchezea: unene wa mstari, na nafasi kati ya mstari na mstari. Mchongaji wa tindo anaweza kukonda mstari, lakini mstari wake hata ukikonda unabaki mkali, una kingo safi, unang'ata jicho. Milima ya mbali iliyochongwa kwa tindo huonekana kama milima ya karibu iliyopunguzwa ukubwa. Mstari wa tindikali uliolishwa kwa muda mfupi ni kitu kingine. Mfereji wake ni wa juu juu, wino wake ni kidogo, kingo zake zimelegea. Haung'ati. Unaelea.

Muda ndio unaoamua hayo yote. Bamba linaweza kutolewa kwenye tindikali baada ya dakika chache, sehemu za mbali zikafunikwa kwa vanishi ili zisiliwe tena, kisha likarudishwa ili sehemu za katikati ziendelee kuzama, na hivyo hivyo mpaka mbele. Dürer kwenye chuma chake alilisha bamba zima mara moja, ndiyo maana mlima wake una sauti sawa na mzinga.

Rudi sasa kwenye Solicitudo Rustica uivute karibu kwenye skrini, maana makumbusho mengi yameweka nakala zenye ubora mkubwa ambazo mtu yeyote anaweza kuzifungua bure. Anzia chini, kwa wakulima. Vivuli vya mbele ni vizito, mistari inanenepa na kukonda, mingine imekatizana mara mbili na ncha zake zimechongoka: hapo tindo imepita. Panda kidogo hadi bondeni. Mistari imekuwa na unene mmoja, imelegea, miti ni vijikunjo na nukta. Endelea hadi milima ya nyuma kabisa, na utaona mistari iliyokatika katikati, isiyofika mwisho, ikiiachia karatasi nyeupe ifanye kazi ya hewa. Uzito unashuka hatua kwa hatua kadiri unavyopanda, na jicho linausoma mshuko huo kama umbali. Njia mbili zimegawana ardhi: tindo imechukua kilicho karibu, tindikali kilicho mbali.

Sidai kwamba ndugu wale walikaa wakapanga hivyo kwa maneno. Inawezekana walianza kwa kutafuta unafuu, wakagundua kwamba pale palipobaki tindikali tupu palikuwa pamepumua. Lakini mandhari za Bruegel zilikuwa mahali pazuri pa kuligundua hilo, kwa sababu hata kwa kalamu alichora milima ya mbali kwa nukta na vistari vifupi vilivyoachana, siyo kwa mpaka unaofungwa.

Wengine husema Bruegel alikuwa akionyesha sehemu halisi. Nusu nusu. Aliingia chama cha wachoraji cha Antwerp kama fundi kamili mwaka 1551, kisha akavuka Alps kwenda Italia, akawa Roma mwaka 1553, na alikuwa amerudi mwaka 1555 hivi. Mwandishi Karel van Mander, akiandika mwaka 1604, alisema kwamba alipokuwa kwenye Alps aliimeza milima na miamba yote na aliporudi nyumbani akaitapika juu ya turubai na mbao zake. Kati ya chapa zile 12, yenye mahali panapojulikana ni ile ya maporomoko ya Tivoli karibu na Roma. Nyingine ni mchanganyiko: miamba ya Alps, mto wa kwao, kijiji cha Brabant, eneo la Antwerp, vyote vimeshonwa kuwa nchi moja isiyopatikana kwenye ramani.

Majina ya chini ya picha

Tukirudi kwenye swali la nani alitengeneza nini, chapa za karne ya 16 zina mfumo wao wa kugawa sifa. Jina likifuatwa na kifupi cha invenit, huyo ndiye aliyebuni na kuchora. Sculpsit ni aliyechonga, fecit aliyetengeneza, na excudit ni mchapishaji, mwenye bamba na mwenye pesa. Kwenye Mandhari Kubwa utakuta Bruegel kama mbunifu na Cock kama mchapishaji. Wachongaji hawatajwi popote. Kwa muda mrefu watu walidhani kwa hiyo kwamba Cock mwenyewe ndiye aliyeyatengeneza mabamba, mpaka wachunguzi wa karne ya 20 walipolinganisha mistari na chapa nyingine za ndugu Doetecum zilizotiwa saini, wakaitambua mikono yao.

Na mkono wa Cock tunaujua, kwa hiyo kulinganisha si kazi ngumu. Yupo dubu katika hadithi hii. Mwaka 1554 Bruegel alichora kwa kalamu msitu wenye dubu, mchoro ambao leo uko Prague. Cock akauhamishia kwenye bamba kwa tindikali yake mwenyewe, akawaondoa dubu na kuweka mahali pao Kristo akijaribiwa na Shetani. Mandhari ikapata hadithi ya Biblia, na bila shaka ikauzika zaidi. Hiyo inaonyesha mchapishaji alikuwa na mamlaka kiasi gani juu ya mchoro aliopewa. Inaonyesha pia kwamba mstari wa Cock ni wa mchoraji: unarukaruka, unajikunja ovyo, hauna ile nidhamu ya Doetecum hata kidogo.

Bruegel alikubaliana na mfumo huu na kuufanyia kazi. Bamba likichapwa, picha inageuka, kulia inakuwa kushoto. Kwa hiyo katika michoro yake ya kuandaa chapa utaona watu wanaofanya kazi kwa mkono wa kushoto, ili kwenye karatasi ya mwisho watumie wa kulia.

Na mara moja tu alishika sindano mwenyewe. Mwaka 1560 alichora kwa tindikali chapa ya uwindaji wa sungura, iliyotolewa pia na Cock: mwindaji akiinama kulenga sungura kwa upinde wa mtambo, na nyuma yake mtu mwenye mkuki akimnyemelea. Ukiiweka kando ya Solicitudo Rustica, tofauti inakuruka machoni. Hapa hakuna anayejifanya tindo. Ni vistari vifupi, nukta, mikwaruzo myepesi, nafasi nyeupe nyingi, karibu sawasawa na michoro yake ya kalamu. Kwa ladha yangu ndiyo mandhari iliyo hai zaidi kuliko zote, ingawa ni ndogo na haina ule ukuu wa milima. Hakuirudia tena. Labda alikuwa na kazi nyingi za rangi, labda aliona mafundi wa Cock wanatosha. Alibaki na miaka 9 tu ya kuishi.

Nakala mbili za bamba moja

Jambo moja zaidi kwa anayetazama chapa hizi mtandaoni. Usishangae ukikuta nakala mbili za picha ile ile, moja imejaa na nyingine imepauka kana kwamba milima ya nyuma imefutika. Kila safari ya kupakwa wino, kufutwa na kupitishwa kwenye rola inalisugua bamba. Mifereji ya kina kifupi ndiyo inayotangulia kufa, nayo ni ile ile ya tindikali iliyobeba umbali. Kwenye nakala za mwisho mwisho wakulima wa mbele wangali imara, kwa sababu tindo imezama, lakini hewa imetoweka. Baadhi ya waliorithi mabamba waliyachonga upya pale palipochakaa, na mara nyingi mkono wa pili hauna subira ya wa kwanza. Cock alifariki mwaka 1570, mjane wake Volcxken akaendesha kiwanda kwa miaka mingine 30, na baada yake mabamba kadhaa yakaangukia kwa familia ya wachapishaji ya Galle, ambayo iliendelea kuyachapa. Kwa hiyo tarehe iliyo kwenye maelezo ya makumbusho ni ya bamba. Karatasi yenyewe inaweza kuwa ya miongo mingi baadaye.

Mwaka 1645 Mfaransa Abraham Bosse alipotoa kitabu kinachofundisha kazi hii hatua kwa hatua, bado aliwaambia wanafunzi wa tindikali kwamba shabaha yao ni kuifanya ifanane na tindo. Wakati huo huko Amsterdam mchoraji Rembrandt alikuwa ameshaanza kuzichanganya njia zote kwenye bamba moja bila kujali ipi inamwiga nani.

Familia ya Doetecum nayo iliendelea, hasa kwenye ramani, kazi ambayo mstari safi na wa haraka ulikuwa na thamani kubwa. Mwaka 1596 Mholanzi Jan Huyghen van Linschoten alipochapisha Amsterdam habari za safari yake ya bahari ya Hindi, picha za kitabu hicho zilitoka kwenye karakana ya familia hiyo. Miongoni mwake kuna moja ya kisiwa cha Msumbiji na ngome yake, bandari iliyojulikana vizuri na manahodha wa pwani yetu. Na safari hii wachongaji wa familia walitia majina yao kwenye mabamba.